KAMSTARI KA PAIPINI: UREMBO WA KITENGE CHAKO ULIVYOTOKA MBALI, NA MABINTI WALIOUSHONA BILA KUTAJWA MAJINA

Cheki gauni lolote la kitenge lililoshonwa vizuri. Shingoni, kiunoni au pale mkono unapoungana na kwapa, mara nyingi utakuta kamstari kembamba ka rangi nyingine, kamevimba kidogo kama mshipa. Mafundi wanakaita paipini. Kapo pia kwenye mito ya sofa, kwenye pajama, kwenye makoti ya shule na kwenye sare za bendi. Wengi wanakaona ni urembo tu, kitu cha kunogesha nguo.

Sasa mdau, kaa ukijua kwamba kuna zama paipini ilikuwa ndiyo nguzo ya gauni zima. Bila yenyewe nguo ilichanika mapema. Na waliokuwa wanaishona, usiku na mchana, ni mabinti ambao leo hakuna anayejua waliitwa nani.

KWANZA, HIKI NI KITU GANI?

Paipini ni ukanda wa kitambaa uliokunjwa juu ya kamba nyembamba, halafu ukabanwa katikati ya vitambaa viwili vinavyounganishwa. Kamba inabaki imejificha ndani ya ukanda, na kinachochungulia nje ni ule uvimbe tu. Ukiitazama hivi unaona ni kazi nyepesi.

Utata uko kwenye kukata. Kitambaa kina nyuzi za urefu na nyuzi za upana. Ukikata ukanda kwa kufuata uzi, unapata kitu kigumu kisichovutika. Ukiupeleka kwenye mzunguko wa shingo unakunjamana kama karatasi. Lazima ukate mshazari, yaani kwa pembe ya digrii 45, hapo ndipo ukanda unavutika na kukubali kuzunguka kona bila kuleta fujo. Shida ni kwamba kukata mshazari kunakula kitambaa na kunaacha vipande vya pembetatu visivyo na kazi. Pia kanda zinatoka fupi fupi, kwa hiyo inabidi ziungwe kwanza ndipo upate urefu unaotosha.

Jambo hilo halijabadilika kwa karibu miaka 200. Kilichobadilika ni sababu ya kuiweka.

LONDON, MIAKA YA 1830 HADI 1860

Twende Uingereza kidogo, kwa sababu huko ndiko paipini ilikuwa kila mahali kwenye magauni ya wanawake wa karne ya 19. Gauni la miaka ya 1840 lilikuwa na sehemu ya juu inayobana mwili kwelikweli, ikikaa juu ya koseti. Mabega yalikuwa yameshushwa, kwapa limebana, na mwanamke akinyanyua mkono tu nguvu yote inaishia kwenye mshono. Nguo ni hariri au pamba nyepesi, na uzi umepitishwa kwa mkono. Mshono wa namna hiyo unahitaji msaada.

Msaada ndio ilikuwa paipini. Kamba ya pamba iliyofungwa ndani ya ukanda ilishika ukingo usilegee wala kuvutika, na msuguano ulipiga kwenye kamba kabla ya kufika kwenye gauni lenyewe. Ndiyo maana magauni ya zama hizo yana paipini kwapani, shingoni na kiunoni, na mengine hadi kwenye mishono ya mgongoni. Mara nyingi rangi ni ileile ya gauni, tena imekatwa kutoka kitambaa kilekile. Mtu akisimama mbali kidogo haioni.

Pale kiunoni ndipo kazi ilikuwa nzito zaidi. Sketi ilikuwa na mita kadhaa za kitambaa, na zote zilitakiwa kuingia kwenye kiuno chembamba. Mshonaji alikunja mikunjo midogo midogo iliyosimama wima, halafu akaishikiza mmoja mmoja kwenye ukingo wa paipini kwa sindano ya mkono. Mkunjo mmoja, tundu moja, vuta uzi. Mkunjo wa pili, tundu la pili, vuta uzi. Hivyo hivyo mpaka kiuno kiishe.

Kwa nini watu walikubali mateso yote hayo kwa kitu ambacho hakionekani? Jibu ni pesa. Zama hizo kitambaa kilikuwa ghali kuliko mkono unaokishona. Gauni lilifumuliwa na kushonwa upya mara kadhaa, likabadilishwa mikono, likapewa mdogo mtu. Kwa hiyo ilikuwa na faida kumchosha mshonaji ili kitambaa kidumu.

BINTI WA MIAKA 20

Washonaji wenyewe walikuwa akina nani? Wengi walikuwa mabinti waliotoka kwao na kwenda kuishi na kufanya kazi kwenye nyumba za ushonaji za London. Kila mwaka kulikuwa na msimu wa sherehe za matajiri, madansi na hafla za ikulu, na kila mwanamke mwenye uwezo alitaka gauni jipya, tena kwa haraka.

Mwaka 1843 tume ya serikali iliyochunguza ajira za watoto na vijana ilitoa ripoti iliyowashtua watu. Kwenye nyumba zilizohesabiwa kuwa nzuri, msimu ukifika kazi ilikuwa saa 15 kwa siku, na kukiwa na dharura ilifika saa 18. Kwenye nyingine hakukuwa na kikomo kabisa. Kulikuwa na mabinti waliolala saa nne, wengine saa mbili tu, wakaamshwa kuendelea. Walishona kwa mwanga wa mishumaa na taa za gesi, macho yakaharibika, vifua vikaharibika.

Ripoti ikasomwa, watu wakasikitika, maisha yakaendelea. Miaka 20 baadaye, Juni 1863, magazeti ya London yakaandika habari ya kifo cha binti mmoja wa miaka 20. Alikuwa akifanya kazi kwa mshonaji maarufu anayewavalisha mabibi wa ikulu. Mrithi wa ufalme alikuwa ametoka kuoa binti wa mfalme mtarajiwa wa Denmark, na kulikuwa na dansi ya kumuenzi bibi harusi. Magauni yalitakiwa yawe tayari.

Binti yule alishona saa 26 na nusu mfululizo, pamoja na wenzake wapatao 60, thelathini wakiwa wamebanana kwenye chumba kimoja kisicho na hewa ya kutosha. Kulala walilala wawili wawili kwenye vijichumba vilivyogawanywa kwa mbao. Ijumaa akaanza kuumwa, Jumapili akafa. Daktari alisema wazi kuwa kilichomuua ni saa nyingi za kazi kwenye chumba kilichojaa watu na kulala mahali pasipo hewa. Baraza la uchunguzi likasema amekufa kwa kiharusi, ila huenda kazi nyingi ilichangia kuharakisha kifo chake. Huenda!

Kelele zilipigwa kidogo safari hii. Mwaka 1867 bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kubana saa za kazi za wanawake na watoto hata kwenye karakana ndogo, ingawa usimamizi wake ulikuwa wa kulegalega.

Magauni ya zama hizo bado yapo. Ukienda jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, utayakuta yametunzwa vizuri, paipini zake zimekaa mahali pake. Mara nyingi jina la familia iliyotoa gauni linajulikana. Kwa mshonaji, mara nyingi kinachoandikwa ni kwamba hajulikani.

CHEREHANI INAINGIA

Wakati hayo yanatokea, cherehani ilikuwa tayari ipo. Elias Howe wa Marekani alipata hati ya ubunifu wake mwaka 1846, na mwaka 1851 Isaac Singer akapata yake, kisha akaanza kuziuza mpaka kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo. Kampuni moja ya cherehani ya Marekani ilitangaza kuwa shati la mwanamume lililochukua saa 14 na dakika 26 kwa mkono, linamalizwa na mashine kwa saa 1 na dakika 16.

Ungedhani hapo mabinti wamepumzika. Wapi! Kazi ilipokuwa rahisi, mitindo nayo ikaongezeka vurugu. Magauni ya miaka ya 1870 yakajazwa marinda, tepe na mapambo juu ya mapambo. Muda uliookolewa ukarudishwa kwenye nguo ileile.

Kwa paipini kulitokea mabadiliko ya kimyakimya. Mshono wa mashine ulikuwa imara, kwa hiyo taratibu paipini ikaanza kutoweka kwapani, mahali pake pa zamani pa kazi. Iliyobaki ikahamia sehemu za kuonekana. Ikabadilishiwa rangi, ikaitwa urembo.

KWENYE SARE ILIKUWA LUGHA

Kwa wanajeshi kamstari haka kalikuwa na kazi yake tofauti, kazi ya kumtambulisha mtu. Majeshi mengi ya Ulaya yaliweka paipini za rangi kwenye kola, mabega na mishono ya suruali. Mfano mzuri ni jeshi la Ujerumani la Vita Kuu ya Pili. Paipini nyeupe ni askari wa miguu, nyekundu ni mizinga, ya waridi ni vifaru, nyeusi ni wahandisi, ya bluu ni matabibu. Askari hahitaji kuulizwa anatoka kikosi gani, bega lake limeshajibu. Koti la shule lenye paipini kwenye kola linafanya kazi hiyohiyo mpaka leo, ukimwona mwanafunzi kwa mbali unajua anasoma wapi.

KWA FUNDI WA LEO

Leo maduka yanauza paipini iliyokwisha tengenezwa, na kwa rangi za kawaida inasaidia sana. Lakini mteja akitaka ifanane na kitenge chake, fundi anarudi kulekule kwa mabinti wa London. Kazi inakwenda hivi.

Kamba ya milimita 3 inahitaji ukanda wa kama sentimita 4, ili ibaki sentimita moja na nusu ya kushonea kila upande. Fundi anakata mshazari, anaunga kanda, anapiga pasi maungio yasivimbe. Analaza kamba katikati, anakunja, anashona karibu kabisa na kamba akitumia ule mguu wa cherehani wa kuwekea zipu, kwa sababu mguu wa kawaida unapanda juu ya kamba na mshono unakwenda kombo.

Halafu anaipanga paipini kwenye upande wa mbele wa nguo, uvimbe ukiangalia ndani na kingo mbichi zikiangalia nje. Anapiga bandi isihame. Kwenye mviringo wa shingo anaukata ule ukanda vijikato vidogo vidogo ili ujilaze, lakini asiguse mshono. Akiuvuta sana, shingo inajikusanya. Akiulegeza sana, unapinda kama nyoka. Kisha anaweka kitambaa cha pili juu yake, anashona tena, safari hii karibu zaidi na kamba kuliko mshono wa kwanza, ili ule wa kwanza usionekane nje. Anageuza, anapiga pasi. Ukiona paipini ina mawimbi au mshono unachungulia, jua kuna hatua imerukwa.

Yaani mshono mmoja wa kawaida umegeuka kuwa mishono miwili, bila kuhesabu kukata, kuunga na kupiga bandi. Sasa zidisha kwa shingo, kwapa mbili na kiuno.

Ndipo mteja anakuja kuchukua gauni, anaambiwa bei, anang'aka: "Fundi jamani, kwa kamstari hako tu?" Na fundi anayeogopa kupoteza mteja anapunguza. Usiku wa kuamkia Eid au harusi anakesha na tenda za watu, macho mekundu, mguu hautoki kwenye kanyagio.

Hakuna anayesema fundi wa mtaani anaishi kama wale mabinti wa 1863. Ana ofisi yake, ana sauti yake, anaweza kukataa kazi. Lakini maneno ya "kamstari tu" ni yaleyale ya zama zile, ya kuona kitambaa kina thamani na mkono uliokishona hauna. Mtu analipa kitenge bila kubisha, halafu anambana fundi kwa elfu mbili.

Cherehani kongwe nyingi bado zina jina la Singer kwa herufi za dhahabu. Ya aliyeuza mashine limebaki. Ya walioshona hayapo. Basi angalau la fundi wako ulijue, na bei ya paipini yake uilipe kamili.

Mdau, fundi wako anakutoza kiasi gani kwa paipini, na je, ulishawahi kumwomba apunguze? Na nyie mafundi, mteja akisema "kamstari tu" mnamjibuje? Tiririka hapo chini.