Bagamoyo: Mji wa Hija na Njia ya Watu wa Ziwa Nyasa

Bagamoyo, mji wa pwani ulio takribani kilomita 70 kaskazini mwa Dar es Salaam, ndipo Kanisa Katoliki lilipoanzisha misheni yake ya kwanza Tanzania Bara mwaka 1868. Mwaka 2018 Wakatoliki waliadhimisha hapo miaka 150 ya Uinjilishaji, na hadi leo mahujaji huendelea kufika kutoka majimbo mbalimbali nchini. Kwa hujaji anayetoka Itungi, Kyela au vijiji vya mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, safari hiyo ina uzito wa pekee, kwa kuwa miongoni mwa watu waliokombolewa utumwani na wamisionari hao wapo waliotekwa katika nchi zinazolizunguka ziwa hilo.

Safari yenyewe ni ndefu. Kutoka Itungi msafiri hufika Kyela mjini, hupanda milima kupitia Tukuyu hadi Mbeya, na kutoka hapo huchukua basi au treni ya TAZARA hadi Dar es Salaam, kisha gari la Bagamoyo. Jumla ni takribani kilomita 1,000. Wanaotoka vijiji vya mwambao vya Ludewa na Nyasa huanza kwa meli. Treni ya abiria haisafiri kila siku, hivyo ratiba iulizwe kabla ya kufunga mizigo. Wengi husafiri na jumuiya zao. Wengine huenda wawili tu, mtu na rafiki yake, na hao huwa na nafasi ya kukaa mahali pamoja kwa muda wanaoutaka.

Wamisionari Wakatoliki walifika Zanzibar mwaka 1860 wakitokea kisiwa cha Réunion. Mwaka 1863 Shirika la Roho Mtakatifu lilikabidhiwa kazi hiyo chini ya Padri Antoine Horner, na miaka mitano baadaye, katika utawala wa Seyyid Majid, likavuka hadi Bagamoyo. Wamisionari waliwanunua watumwa, hasa watoto, katika soko la Zanzibar na kuwapeleka Bagamoyo, ambako walijifunza dini, kusoma, kilimo na ufundi. Waliokua na kuoana walipewa makazi katika kijiji cha Wakristo kilichokuwa ndani ya eneo la misheni. Ni haki kusema pia kwamba kukombolewa hakukuwa uhuru kamili. Wakazi wa kijiji hicho waliishi chini ya kanuni za misheni, wakifanya kazi na kusali kwa saa walizopangiwa. Kipindupindu kiliwapata mwanzoni kabisa, na Aprili 1872 kimbunga kikaharibu sehemu kubwa ya majengo.

Wageni wengi hudhani kwamba kila mtumwa aliyetoka bara alipitia Bagamoyo. Kwa watu wa Nyasa haikuwa hivyo. Njia yao kuu iliishia Kilwa Kivinje, na kutoka hapo walisafirishwa kwa majahazi hadi Zanzibar.

Habari inayofahamika zaidi ya njia hiyo ni ya Swema, binti wa Kiyao kutoka mashariki mwa Ziwa Nyasa. Alichukuliwa na msafara wa wafanyabiashara akiwa bado mtoto. Mama yake aliambatana na msafara huo ili asitengane naye, akafia njiani. Swema alifika Zanzibar akiwa hoi kiasi kwamba alidhaniwa hatapona, akafukiwa angali hai. Kijana aliyepita alisikia sauti yake, akamfukua na kumpeleka misheni. Hayo yalikuwa mwaka 1865. Maelezo yake yaliandikwa na Padri Horner na kuchapishwa Ufaransa mwaka 1870, kwa hiyo msomaji humsikia Swema kupitia kalamu ya mtu mwingine, iliyokuwa na makusudi yake. Hata hivyo, wengi wa waliokombolewa hawakuandikiwa hata hayo.

Karibu zaidi na Itungi, ng'ambo ya Mto Songwe, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa aitwaye Mlozi aliweka ngome jirani na Karonga. Mwaka 1887 watu wake waliwashambulia Wangonde, ndugu wa Wanyakyusa kwa lugha na asili. Ngome hiyo ilitekwa na Waingereza Desemba 1895, naye akanyongwa. Soko la Zanzibar lilikuwa limefungwa tangu 1873, lakini biashara hiyo haikufa siku lilipofungwa.

Hujaji akifika misheni ya Bagamoyo huonyeshwa msalaba ulio karibu na ufuko, kanisa kubwa lililojengwa kati ya 1910 na 1914, pango la Bikira Maria, makaburi ya wamisionari na makumbusho. Mnara wa kanisa la kwanza huitwa Mnara wa Livingstone, kwa sababu mwili wa msafiri huyo ulifikishwa misheni Februari 24, 1874. Jina hilo huwafunika waliomleta. Kiongozi mmojawapo wa msafara, Chuma, alikuwa Myao aliyewahi kutekwa na kuachwa huru mwaka 1861. Upo pia mbuyu uliomeza mnyororo. Mgeni asiyeuliza huondoka akiamini kwamba ulifungia watumwa, ilhali kwa maelezo yanayotolewa misheni ulikuwa wa kufungia punda.

Kyela ni wilaya ya madhehebu mengi, na si ajabu Mkatoliki kufuatana na rafiki Mmoraviani, Mlutheri au Mwislamu. Eneo la misheni na makumbusho hutembelewa na watu wote. Kinachotakiwa ni mavazi ya heshima, utulivu wakati wa Misa, na kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha ndani ya kanisa. Kusini mwa mji yapo pia magofu ya Kaole, yenye msikiti wa karne ya 13, uliokuwapo miaka mingi kabla ya misheni. Wageni wanakumbushwa kuwa maeneo ya kale yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale, Sura ya 333: kuandika majina ukutani au kuokota kipande cha jiwe kwa ukumbusho hakuruhusiwi. Asiyetaka kurudi Itungi mikono mitupu atapata vinyago kwa mafundi wa mjini.