Mikebe ya Bertrand, na tarehe tunayoiogopa

Ubishi haukwishi: mukebe wa sardini umepita tarehe, tuule ao tuutupe? Mimi naanzaka na historia.

Tarehe 1 Aprili 1865, meli ya mvuke Bertrand ilizama katika mto Missouri, Marekani. Matope yakaifunika mpaka ilipopatikana mwaka 1968. Ndani mulikuwa mikebe ya chaza, nyanya na mboga. Mwaka 1974 wanakemia wakaipima: sura na harufu nzuri vimekwenda, vitamini C imepungua sana, lakini hakuna vijidudu vilivyoota. Miaka 109! Chakula kilifungiwa hewa, kikapikwa ndani ya mukebe. Njo siri yote.

Basi «de préférence avant» inasema juu ya utamu, si sumu. Nyama mbichi yenye «jusqu'au» ni mambo ingine, ule ni mpaka wa kweli. Na mukebe uliovimba, hata tarehe ikiwa bado mbali, mimi siufungui: sumu ya botulizimu inaweza kukosa harufu. Sokoni naangaliaka mukebe kwanza, kisha tarehe. Ikiwa imekwanguliwa na kuandikwa upya, sinunui.