SEHEMU YA 4: Panya Anayeogelea na Dawa ya Kichina ya Sonona

Juzi alikuja mama mmoja na mtoto wa miezi mitatu. Macho yamemwingia ndani, hataki hata kumwangalia mtoto. Kumbe ameacha vidonge vyake vya sonona wiki mbili sasa. Wifi yake kamletea unga wa Kichina, akamwambia, "Huu umepimwa, unaponya." Nikauliza, umepimwa kwa nani? Kimya.

Akanionyesha maelezo kwenye simu. Dawa inaitwa Banxia Houpo. Nikasoma mpaka chini. Imepimwa kwa panya. Basi leo tupate historia kidogo.

Dawa yenyewe si ya jana. Miaka kama 1,800 iliyopita, tabibu wa China, Zhang Zhongjing, aliandika kuhusu wanawake wanaohisi kama kipande cha nyama kimekwama kooni, hakimezeki wala hakitemeki. Aliwachemshia vitu vitano: kiazi cha mmea wa pinelia, gome la magnolia, uyoga unaoota kwenye mizizi ya msonobari, majani ya perila na tangawizi mbichi. Wachina wakaendelea kuitumia kwa watu wenye huzuni na mawazo.

Sasa tuje hospitalini. Miaka ya 1950 mwanzoni, huko New York, wagonjwa wa kifua kikuu walipewa dawa mpya ya iproniazidi, wakaanza kuchangamka. Uswisi nako, daktari Roland Kuhn akaona imipramini inawainua wenye sonona. Dawa hizo zilijulikana kwa kuwaangalia wagonjwa wenyewe.

Lakini huwezi kumjaribishia binadamu kila kitu. Mwaka 1977, Roger Porsolt na wenzake huko Ufaransa wakatangaza kipimo cha panya. Anawekwa kwenye chombo cha maji kisicho na pa kutokea. Anahangaika, mwisho anatulia, anaelea tu. Akipewa dawa ya sonona, anahangaika muda mrefu zaidi. Kwa panya wadogo ni dakika 6, na wanahesabu utulivu wa dakika 4 za mwisho. Mwaka 1985 kikaja kingine: panya ananing'inizwa kwa mkia.

Vipimo hivi ni rahisi na vya haraka. Ndiyo maana wanasayansi wa China walivitumia kupima dawa za mababu zao. Miaka ya 2000, watafiti wa Nanjing waliwapa panya Banxia Houpo, na kweli walitulia kwa muda mfupi zaidi.

Kwa hiyo wifi hakudanganya. Ila alisoma nusu.

Kwanza, hata dawa ya kuchangamsha mwili tu humfanya panya ahangaike zaidi. Pili, huenda panya anayeelea hajakata tamaa, amejifunza kutunza nguvu. Tatu, imipramini hubadilisha panya ndani ya siku moja, wakati binadamu husubiri wiki kadhaa. Na panya yule hakuamka mara nne usiku kunyonyesha. Hakuna aliyemuuliza kama anampenda mwanawe.

Kipimo cha panya ni mlango wa kwanza tu. Kinasema, "hapa pana kitu, endeleeni kuchunguza." Hakisemi, "acha vidonge." Tena pinelia mbichi ni sumu, inaunguza mdomo na koo. Wachina wenyewe huiandaa kwanza, mara nyingi kwa tangawizi, ndipo waitumie. Wazee wale hawakuchezea dawa.

Wifi sikumgombeza, alileta kwa upendo. Nilimwita akae nasi, tukaongea wote watatu, kisha mama akamwona daktari siku ileile, akaanzishiwa tena dawa.

Mama zangu, usiache dawa ya sonona kimyakimya. Usichanganye na mitishamba bila kusema, hasa ukinyonyesha. Njoo nayo na pakiti yake, hatutakucheka. Na ukipata wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje kliniki ijayo. Mwambie mtu, njoo leo leo, hata usiku.

Mtumie na wifi yako asome. Tukutane sehemu ya 5.