Umeme wa Usiku na Basi la Mchana: Chimbuko la Vituo vya Kuchajia Mabasi ya Umeme Afrika Mashariki na Maana Yake kwa Barabara ya Mbeya–Tukuyu–Kyela

Abiria anayetoka Mbeya kwenda Ibighi, mojawapo ya kata za Wilaya ya Rungwe, hupanda kutoka Uyole hadi kwenye baridi ya Isyonje, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kisha huteremka kupitia Kiwira hadi Tukuyu, penye mita zipatazo 1,500. Anayeendelea hadi Kyela huteremka mita nyingine 1,000 kuelekea bonde la Ziwa Nyasa. Safari hiyo hufanywa kwa Kosta na Hiace zinazotumia mafuta, na mwenye gari huupima mlima kwa lita. Swali la kihistoria linaloshughulikiwa hapa ni hili: kabla basi la umeme halijafika katika mji wa namna hii, ni kitu gani hutangulia? Maelezo mengi ya usafiri wa umeme huanza na gari. Ushahidi wa Afrika Mashariki unaelekeza kwenye mahali gari linapolala na bei ya umeme wa saa hizo.

Tatizo lenyewe ni kongwe. Mwaka 1907 kampuni ya London Electrobus ilianza kusafirisha abiria jijini London kwa mabasi ya betri. Betri za wakati huo zilikuwa nzito na zilichaji polepole, kwa hiyo basi lilirudi gereji, betri iliyokwisha ikateremshwa na nyingine iliyojaa ikapachikwa. Kampuni ilianguka mwanzoni mwa 1910, na hila za kifedha za waliokuwa nyuma yake zilichangia sana kuiangusha. Hata hivyo, wazo la kuitenga betri na gari lilibaki, na litakutwa tena Nairobi baada ya zaidi ya karne moja.

Uganda ilianza kwa njia tofauti. Kazi iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Makerere, ambako gari dogo la Kiira EV lilioneshwa mwaka 2011, ilizaa basi la Kayoola lililozinduliwa Februari 2016 likiwa na paneli za jua juu ya paa. Paa lile lastahili kusomwa kama waraka wa kihistoria: linaonesha hamu ya kupata basi lisilotegemea kituo. Lakini eneo la paa la basi ni dogo mno kulisha gari zito linalobeba abiria kutwa nzima. Kayoola EVS iliyofuata ilijengwa kwa ajili ya kuchajiwa kituoni.

Nairobi ndiko suala la kituo lilikopata jibu la kibiashara. Kampuni ya BasiGo, iliyoanzishwa mwaka 2021, ilileta mabasi mawili ya viti 25 na kuyaweka majaribioni Machi 2022 mikononi mwa waendeshaji wa matatu, Citi Hoppa na East Shuttle. Kikwazo kilikuwa betri, sehemu ya gharama kubwa kuliko zote katika basi. Biashara ya matatu, iliyoruhusiwa rasmi mwaka 1973, imejengwa na wamiliki wadogo na mikopo yao, na wengi wasingeweza kuinunua. Kwa hiyo mwendeshaji alinunua basi bila betri kwa shilingi za Kenya milioni 5, kisha akalipa shilingi 20 kwa kila kilometa. Malipo hayo yalijumuisha betri, kuchaji na matengenezo.

Hatua ya pili haikuwa ya kampuni. Kuanzia Aprili 2023 mamlaka ya udhibiti wa nishati ya Kenya, EPRA, iliweka bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri: shilingi 16 kwa uniti saa za kawaida na shilingi 8 saa za matumizi madogo, kabla ya tozo. Sababu yake iko Olkaria, ambako mvuke wa ardhini umezalisha umeme tangu 1981. Mvuke haulali. Viwanda na nyumba vinapozima taa, visima vinaendelea kutoa nguvu isiyo na mnunuzi, na basi lililoegeshwa usiku ni mnunuzi aliyekuwa akitafutwa.

Utegemezi huo una hatari yake. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani, na baadhi ya maeneo yalikaa bila umeme hadi siku ya pili. Basi la dizeli huamka na mafuta yaliyonunuliwa jana. Kwa basi la umeme, hitilafu ya usiku huonekana asubuhi, abiria wakiwa tayari wamepanga foleni.

Tanzania ilipita njia nyingine. Mabasi ya mwendo wa haraka ya Dar es Salaam yalianza Mei 2016 kwa dizeli, na safari za treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Morogoro zilianza Juni 2024, nyaya zikiwa juu ya reli na mwenye mali akiwa Serikali. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, lililosanifiwa kuzalisha megawati 2,115, uliingia kwenye gridi Februari 2024. Umeme umeongezeka, lakini wingi wa umeme Rufiji hautoshi kueleza kitakachotokea kwenye transfoma ya Tukuyu.

Hesabu ndogo yaweza kusaidia. Basi la tani 10 likipanda mita 1,000 kutoka Kyela hadi Tukuyu huhitaji takribani uniti 27 kwa ajili ya kupanda tu, mbali na msuguano na upepo. Likiteremka, mota yake hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu hiyo, ila betri ikiwa imejaa hakuna pa kuiweka. Kwa hiyo kujaza betri pomoni Tukuyu kabla ya kuteremka ni kosa. Pa kuchajia kwanza ni chini, Kyela, kabla ya kupanda. Ramani ya vituo huandikwa na mlima. Vivyo hivyo kwa saa: mabasi matano yanayohitaji uniti 120 kila moja, yakichajiwa kwa saa nane za usiku, hudai kilowati 75, yakichajiwa yote kwa saa moja ya mchana, hudai kilowati 600.

Lipo pia suala la mamlaka. Mkulima wa chai wa Rungwe analijua bila kufundishwa: jani likishachumwa halingoji, na anayelipokea ndiye mwenye kauli. Mwenye Kosta moja hununua dizeli kituo chochote kati ya Uyole na Kasumulu, na akikosana na mmoja huenda kwa mwingine. Akiwa na basi ambalo betri yake si mali yake, linalochajiwa katika uwanja mmoja tu, uhuru huo hana tena. Mkataba wa Nairobi ulimpunguzia mwendeshaji mtaji wa kuanzia, na kwa kitendo hichohicho ukamfunga kwa mwenye chaja.

Rungwe yenyewe imekalia joto la volkano. Eneo la Ziwa Ngozi limo katika miradi ya jotoardhi ya kampuni ya umma ya TGDC, na bonde la ufa linalopita hapo ni la mfumo uleule wa Olkaria. Mvuke huo ukifikishwa kwenye nyaya, utakuwa nao umeme wa usiku unaotafuta mnunuzi. Kabla ya hapo, uwanja wa kulaza mabasi Tukuyu utahitaji laini yake, transfoma yake na mmiliki anayejulikana.