Siwa ingalipo, majina je?

Ukifika Lamu usiondoke kabla ya kuingia makavazi yale yanayoitazama bahari. Ni nyumba ya kale iliyowahi kukaliwa na maafisa wa serikali ya kikoloni. Mimi niliingia kukwepa jua la adhuhuri tu. Nikatoka na maswali ya lugha ambayo hayajanitoka hadi leo.

Humo mmehifadhiwa siwa mbili. Ile ya Pate ni ya pembe za ndovu na urefu wake unapita mita mbili. Ile ya Lamu ni ya shaba. Siwa haikuwa baragumu ya kila hafla. Ilipulizwa mtawala akitawazwa, arusi za wakubwa na siku kuu za mji. Aliyekuwa na siwa alikuwa na mamlaka.

Jamaa yake wa hali ya chini ni mbiu, pembe ya mnyama iliyopigwa kuwaita watu. Wanafunzi wetu hukariri kuwa mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Hebu waulize mbiu ni nini! Watakwambia ni tangazo. Hawajakosea, maana neno limepanuka. Ila pembe yenyewe imewatoka akilini.

Kuna pia kiti cha enzi, cha mbao nyeusi kilichonakshiwa kwa pembe, alichoketishwa mgeni wa heshima. Enzi hapo ni nguvu na utukufu. Leo twasema 'enzi za mkoloni' tukimaanisha wakati wake. Nguvu imegeuka kuwa zama, na kiti ndicho kinachotukumbusha maana ya kwanza.

Lakini vitu havinisumbui kama picha. Katika picha za zamani za Lamu utaona shiraa, kitambaa kipana kilichoinuliwa kwa miti, mwanamke wa kiungwana akitembea ndani yake asionekane. Neno lenyewe ni la baharini, maana yake tanga. Miti ile ilishikwa na watumwa. Basi vazi tunalijua, asili ya jina lake tunaijua, lakini wale walioshika miti waliitwa nani? Mara nyingi hakuna aliyeandika.

Nisilaumu wapiga picha wa kale peke yao. Kwetu kuna picha ya wazee watatu waliovaa kanzu, wamekaa wima kama wanaosubiri hukumu. Bibi yangu aliwajua wote. Kila likizo nilisema nitamuuliza kesho, hadi kesho ikafika bila yeye. Sasa mimi, mtu wa kufundisha maneno, ninazo nyuso tatu zisizo na jina hata moja.

Makavazi yametuhifadhia siwa. Majina ya wazee wetu ni kazi yetu wenyewe. Leo jioni shusha ile picha ukutani, mwite mzee aliyepo, chukua penseli uandike nyuma yake.