Ada ya Kurejesha katika Kiini cha Linux

Mwaka 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini, alipoanza kuandika kiini cha mfumo endeshi kwa ajili ya kompyuta yake yenye prosesa ya Intel 386, kiini hicho kilikuwa kitu kimoja kisichogawanyika: kila kiendeshi cha diski, cha kibodi na cha skrini kilifungwa ndani yake siku kilipojengwa, kikakaa humo tangu mashine iwashwe hata izimwe. Aliyetaka kuongeza kifaa kipya ilimlazimu kukijenga kiini upya na kuiwasha mashine tena. Ulikuwa utaratibu mzito, lakini ulikuwa na salama moja, kwamba kisichoondoka hakidaiwi kurejesha kilichochukua.

Hali hiyo haikudumu. Vifaa vilizidi kuwa vingi, ilhali kumbukumbu ya kompyuta za nyumbani aghalabu haikuzidi megabaiti 4 au 8, na haikuwa insafu kumtwisha kila mtu viendeshi vya vifaa asivyokuwa navyo. Ndipo zikazuka moduli, yaani vipande vya kiini viwezavyo kuingizwa na kutolewa mashine ikiwa kazini. Toleo la 1.2 la Machi 1995 lilikuja nazo, na toleo la 2.0 la mwaka 1996 likaongeza programu iitwayo kerneld, iliyokabidhiwa kuita moduli inapohitajika na kuiondoa ikikaa bila kazi. Tangu hapo kumbukumbu ya kiini ikawa amana ipitayo mikononi mwa wengi, na swali la nani atairejesha, lini na kwa mpango gani, likawa kubwa kuliko la nani ataichukua.

Uzito wa swali hilo haumdhihirikii upesi mwenye kuandika programu za kawaida. Programu ya kawaida ikifa, hata ikifa vibaya, kiini huja nyuma yake kikatwaa kila ukurasa wa kumbukumbu ilioacha. Lakini juu ya kiini hakuna mlezi mwingine. Moduli ikisahau kipande ilichokichukua, kipande hicho hupotea mpaka mashine izimwe. Na hatari iliyo kubwa zaidi ni ya kinyume chake: moduli hujiandikisha kwa kiini na kutaja anwani za taratibu zake ili iitwe kifaa kikitoa ishara, basi ikishindwa katikati, na kumbukumbu yake ikaachiliwa kabla ya jina lake kufutwa, kiini kitaita anwani isiyo na mwenyewe, na mfumo mzima waweza kuanguka.

Kwa hadhari hiyo waandishi wa viendeshi wakajiwekea ada. Moduli inapoanza huchukua vitu kwa zamu, cha kwanza, cha pili na cha tatu. Cha tatu kikikosekana, hurejeshwa cha pili, kisha cha kwanza, kwa maana kilichochukuliwa baadaye huenda kinakitegemea kilichotangulia. Ada hiyo waliiandika kwa goto, amri ya kuirusha programu hadi mahali pengine, ambayo mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra aliishutumu katika barua yake mashuhuri ya mwaka 1968. Dijkstra alikuwa na hoja, kwa kuwa goto itumikayo ovyo huivuruga akili ya msomaji. Lakini hapa iliwekewa mpaka, ikaruka kwenda chini tu, kwenye ngazi ya marejesho iliyo mwishoni mwa utaratibu, na kila kushindwa kukaingia ngazi hiyo kwenye kidato kinachokuhusu.

Kulikuwa na israfu nyingine. Taratibu za kuanzishia kiendeshi hutumika mara moja, kisha hazina kazi tena. Kwa viendeshi vilivyofungwa ndani ya kiini dawa ilikwisha patikana: taratibu hizo zilitiwa alama ya __init, zikakusanywa mahali pamoja, na kiini kilipomaliza kuamka kikaziachilia zote na kutangaza idadi ya kilobaiti zilizorudi. Moduli hazikuipata neema hiyo, kwani ziliunganishwa nje ya kiini na programu ya insmod, zikaingizwa kama bonge moja. Mwishoni mwa 2002 Rusty Russell wa Australia aliiandika upya kazi yote ya kupakia, akauhamishia uunganishaji ndani ya kiini chenyewe, na kuigawa kila moduli sehemu mbili, ya kubaki na ya kuanzia. Na ile ya kuanzia ikawa huachiliwa mara moduli inapofaulu kuanza. Toleo la 2.6 la Desemba 2003 likaieneza kazi hiyo ulimwenguni.

Hata hivyo ngazi ya marejesho ilitegemea uangalifu wa mwanadamu, na mwanadamu husahau. Mwaka 2007, katika toleo la 2.6.21, Tejun Heo alileta mpango wa rasilimali ziandikwazo kwa jina la kifaa: kiendeshi huchukua, kiini huandika, na kiendeshi kikishindwa au kikiondoka, kiini chenyewe hurejesha vyote kwa kinyume cha vilivyochukuliwa. Mwaka 2009 Catalin Marinas akaongeza kmemleak, ipekuayo kumbukumbu kutafuta vipande visivyoelekezewa na chochote.

Wala kazi haijafikia ukomo. Katika mwaka 2023 ilichunguzwa taksiri iliyojificha katika mashine zenye prosesa nyingi: wakati wa kuamka, moduli moja iliombwa na wengi kwa wakati mmoja, na kila ombi lilipewa kumbukumbu yake kabla haijagunduliwa kwamba moduli imekwisha kuwapo. Marejesho yalifanywa kwa uaminifu, lakini msongamano wa muda ule uliweza kuimaliza nafasi. Luis Chamberlain aliweka hesabu za kuipima hasara hiyo, na katika toleo la 6.5 Torvalds mwenyewe akafanya maombi ya faili moja yangojee jibu moja.

Kiini hiki ndicho kilichomo katika simu za Android wanazotumia mamilioni ya watu wa Afrika ya Mashariki. Kijana wa kwetu atakaye kukijua, nami namtakia kheri, na asianzie kwenye njia ya kufaulu, ambayo kila mwandishi huipamba. Na afungue utaratibu uitwao load_module, ashuke hadi mwisho wake, asome vidato vya marejesho kimoja kimoja, na kwa kila kidato aulize ni kitu gani kilichukuliwa juu yake. Akiweza kujibu, amekwisha kuielewa kazi yote ya kupakia moduli.