Mtoto anakoroma kila usiku: munganga wa meno anaingia wapi?

Wazazi wengi, Kabalo na kwingine, wakisikia mtoto anakoroma wanasema amelala vizuri. Kama ni mafua ya siku mbili tatu, hakuna neno. Lakini akikoroma siku tatu ao zaidi kwa juma, hata bila mafua, pengine njia ya hewa inajifunga akiwa usingizini. Pumzi inakatika sekunde chache, kisha mtoto anashtuka na kuvuta hewa kwa nguvu. Hiyo njo inaitwa apnea ya usingizi. Mwaka 1976, munganga Mfaransa Christian Guilleminault na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliandika juu ya watoto 8 wenye shida hiyo.

Alama zingine: kulala kinywa wazi, kutoka jasho jingi, kukojoa kitandani, kusinzia darasani ao kuwa mtundu kupita kiasi. Mtoto kama huyo anachapwa bure, hakupumzika usiku.

Sababu kubwa kwa watoto ni tonsili zilizovimba kooni, pamoja na nyama za nyuma ya pua. Njo maana dawa ya kwanza, mara nyingi, ni kuzitoa kwa upasuaji.

Munganga wa kupanga meno anasaidia watoto wengine: wale wenye kaakaa nyembamba, meno ya juu yamebanana. Kaakaa ni sakafu ya pua. Kwa mtoto, mfupa wake una mshono katikati ambao haujashikana bado. Munganga anaweka kifaa cha chuma chenye skrubu, kinazungushwa kidogo kidogo kwa majuma kadhaa, kisha kinabaki miezi ili mfupa ukomae. Kaakaa inapanuka, pua nayo inapata nafasi. Mtu akishakuwa mzima, kazi hiyo inakuwa ngumu.

Lakini kifaa hakiponyeshi kila mtoto anayekoroma, na hakichukui nafasi ya kupimwa koo.

Mbele ya kulipa tiketi ya treni kwenda Kalemie, mzazi apige video ya mtoto akiwa amelala, dakika chache tu, na kuionyesha kwenye kituo cha afya. Itamsaidia munganga kuamua amtume wapi. Mwenye mtoto wa SS asikawie: watoto hao wanapatwa zaidi, na kukosa hewa usiku kunawaumiza zaidi.

Na kama mtoto anageuka bluu midomoni ao anashindwa kupumua, asingojee asubuhi: apelekwe hospitali palepale.